Goti jipya hujibu kesho yake asubuhi

Mwezi wa nne baada ya kubadilishiwa goti la kulia, nilicheza mpira ufukweni Shela, hapa kisiwani Lamu. Sikukusudia. Nilikwenda kutembea tu, maji yamekupwa, mchanga mgumu kama sakafu, na wajukuu wangu walikuwa wakipiga danadana. Mpira ukanijia mguuni. "Ndoo, babu, ndoo!" Nani angekataa? Nikacheza robo saa, pasi fupi fupi, na wallahi sikusikia hata chembe ya maumivu. Nikarudi mjini kwa boti nikijiona yule kiungo wa mtaa wa Langoni wa mwaka 1985.

Saa nane za usiku goti likaniamsha. Limevimba kama dafu, la moto, kukunjika halitaki. Siku tisa nilirudi kwenye gongo, na mke wangu hakusema neno, jambo ambalo kwa anayemjua ni baya kuliko kusema.

Naandika haya kwa sababu kila nikikaa barazani naulizwa lile lile: "Ami, utarudi lini uwanjani?" Wengi wanaouliza wana magoti yao wenyewe yanayolia wakipanda ngazi, wanajipimia langu.

Kwanza mjue kilichomo ndani. Goti la zamani halikutibiwa. Daktari amekata ncha zilizolika za mfupa wa paja na za muundi, akazivika chuma, na katikati, pale palipokuwa na gegedu, akaweka plastiki ngumu. Plastiki hiyo husagika kwa miaka. Ndiyo maana madaktari wengi hukubali kutembea, kuogelea na baiskeli, lakini hukunja uso ukitaja mbio, kuruka, au mpira wa kugongana na kugeuka ghafla. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba magoti kama 8 kati ya 10 huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Mimi nina miaka 61. Nimepiga hesabu, na kwa kuwa upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza, hili nataka lizikwe nami.

Kosa langu la Shela lilikuwa kuliuliza goti wakati wa mchezo. Wakati wa mchezo damu ina moto na watu wanakushangilia, kwa hiyo hupati jibu la kweli. Siku hizi naliuliza kesho yake, kabla sijanywa chai. Nachukua tepu ya kushonea ya mke wangu, nazungusha katikati ya kilegesambwa, mguu umenyooka, naandika kwenye daftari. Ikizidi sentimita moja kuliko jana, basi jana nilipitiliza, na leo ni mazoezi ya kitandani na barafu. Isipozidi siku tatu mfululizo, naongeza kidogo: dakika tano za kutembea, au mapigo machache majini. Kipimo hiki ni changu, hakuna aliyeniandikia, lakini fizio, mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo, alipoliona daftari alicheka akasema niendelee.

Barafu hapa si shida. Naagiza kwa wauza samaki, wananipa mapande kwenye mfuko, nayafunga ndani ya kikoi kikuukuu nisiunguze ngozi, dakika kumi na tano au ishirini. Kikoi kimeshika harufu ya nguru mpaka paka wote wa mtaa wananijua.

Wiki sita za mwanzo ndizo zilizoamua kama ningecheza chochote tena, na hazikuwa na raha. Watu husifu kukunja tu: umefika nyuzi 90? umefika 110? Kunyoosha nako kuna uzito ule ule. Goti lisiponyooka sawasawa utachechemea, na mwenye kuchechemea hana mchezo. Nilikuwa nalala chali, kisigino juu ya mto, nyuma ya goti hakuna kitu, uzito wa mguu wenyewe ulivute chini. Dakika tano huonekana kama khutba ndefu. Dawa ya maumivu meza nusu saa hivi kabla ya mazoezi, kama daktari alivyokupangia. Ukisubiri uumie kwanza, hutafanya mazoezi.

Nyumba zetu za Lamu zina ngazi za mawe, ndefu na zisizo sawa. Kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza ule uliopasuliwa. Na mkirudi kutoka kupasuliwa Mombasa, ulizeni kwanza kama maji yamejaa au yamekupwa. Mimi niliteremka gati ya Mokowe, upande wa bara, maji yamekupwa, vidato vya chini vina ukoga, magongo mkononi, vijana wawili wakanibeba juu juu kama gunia la nazi mpaka ndani ya boti. Mngoje maji yajae, boti iwe sawa na mlipokanyaga. Njiani nako, punda akija na mzigo wa mawe, simameni ukutani apite. Yeye hajui nani kapasuliwa.

Bahari ndiyo iliyonirudishia mchezo. Niliingia kidonda kilipofunga kabisa na daktari akakubali, wiki ya nane, na nilichagua siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu, na wimbi dogo la ubavuni linaweza kukusokota goti umesimama. Msipige miguu ya chura, maana ile hulipinda goti kwa upande. Nyoosha miguu, piga kutoka nyongani, polepole. Sasa naogelea nusu saa, mara nne kwa wiki. Nilidhani nitaona haya, mzee mwenye kovu la shibri nzima katikati ya vijana wanaojifua kwa mashindano ya kuogelea ya Maulidi. Hakuna aliyetazama.

Mpira nimeuacha. Natoa pasi nimesimama, wajukuu wakimbie wao.

Sala nasali juu ya kiti. Nimejaribu kupiga goti juu ya godoro. Halidhuru, lakini ni kama kupigia jiwe, na upande wa nje wa goti ngozi imekufa ganzi mpaka leo. Goti pia hulia "tak" likikunjika. Mlio huo bila maumivu usikutishe. Ila shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi ghafla, hapo hakuna tepu wala barafu, ni hospitali saa hiyo hiyo, huenda ni damu iliyoganda. Homa, au kidonda kutoa maji, vivyo hivyo.

Kuna bwana mmoja wa mtaa wa Mkomani anakwenda kupasuliwa mwezi ujao. Bwana, anza leo kuimarisha misuli ya paja, na jizoeze magongo kwenye ngazi zako ukiwa bado huna mshono. Choo chako ni cha kuchuchumaa, nakijua. Kiti changu cha chooni kiko stoo, kizima, kimeoshwa. Mtume kijana aje akichukue kabla hujasafiri.