Utani ambao mwenzio hawezi kuurudisha sio utani

Nina kigugumizi tangu utotoni na nimekulia Ngamiani, Tanga, sasa we fikiria. Kwetu mtu anapimwa kwa mdomo wake, mji wa taarabu huu, kijembe kikirushwa lazima kirudi palepale, na mimi nilikuwa nikitaka kusema "baba" nabaki b-b-b mpaka niliyekuwa naongea naye ameshaondoka.

Kidato cha pili, 2008, ndio mambo yalizidi. Kuna vijana watatu darasani, kila nikisimama kujibu swali wanagonga meza kufuatisha kigugumizi changu, ta-ta-ta-ta, darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu mmoja naye anacheka. Huyo mwalimu aliniumiza kuliko wale watatu, mpaka leo nasema. Nikaacha kunyoosha mkono, nikiulizwa natikisa kichwa kwamba sijui hata kama jibu ninalo, na maksi zikashuka kwelikweli.

Jumapili jioni tumbo linaanza. Lilikuwa linauma kweli jamani, sikuwa najisingizia, bibi ananichemshia mchaichai, Jumatatu nabaki nyumbani, ikifika saa nne limepoa. Bibi akajua minyoo. Kwa hiyo mzazi, mtoto anayeumwa kila Jumatatu halafu Jumamosi anacheza mpira, mpeleke hospitali ndio, ila muulize na habari za shule, na umuulize mkiwa wawili, sio mbele ya wageni.

Nilipokuja kusema nyumbani nikaambiwa huo utani tu, we mwanaume, zoea. Hapa ndipo watu wazima tunapokosea. Utani naujua, mtani wangu ananisema na mimi namsema, hata msibani tunacheka wote. Lakini mtu anayekucheka mbele ya watu arobaini akijua kabisa huwezi kumjibu, na kesho anarudia, na keshokutwa, huyo anakuonea. Nilijaribu kupigana pia. Nilimtandika mmoja ngumi, nikachapwa mimi, na wao wakapata cha kunichekea mwezi mzima.

Kilichosaidia ni kijana mmoja ambaye hata hatukuwa marafiki. Siku hiyo meza zinagongwa, yeye akageuka akasema "Muacheni amalize." Basi. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu, lakini kile kicheko kikapungua kwa sababu wengi walikuwa wanacheka kwa kuogopa wasije wakageukiwa wao. Ndio maana nawaambia nyie mnaokaa pembeni, mna nguvu kuliko mnavyodhani, kama kusema unaogopa basi kaa nae tu mapumziko, msindikize kwenda nyumbani.

Yeye ndio alinishauri niandike, maana kwenye kuandika hakuna kigugumizi. Nikaandika wiki tatu, tarehe, nani, alifanya nini, nani aliona, tukaipeleka karatasi sisi wawili kwa mwalimu wa malezi. Kusema tu "wananionea" nilishasema ikapuuzwa, ile karatasi haikupuuzwa, wazazi wakaitwa. Haikuisha siku ile, ila ilianza kuisha.

Siku hizi inamfuata mtoto mpaka kitandani. Mpwa wangu walimrekodi klipu wakaisambaza kwenye grupu la WhatsApp, akataka kuifuta simu yote. Nikamwambia usifute, piga skrinshoti kwanza, na usijibu matusi maana yatatumika dhidi yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautambua uonevu wa mtandaoni kama kosa, kwa hiyo mtu asikwambie ni mambo ya kitoto. Shule ikikaa kimya lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ipo namba 116 ya kusaidia watoto, kupiga ni bure. Na kama mtoto anasema hataki tena kuishi usisubiri kesho, usimwache peke yake, mpeleke hospitali muda huohuo.

Yule mwenzangu sasa ni bodaboda, kijiwe chake Mabanda ya Papa. Tukikutana nikikwama kwenye neno anazima pikipiki, anasubiri mpaka nimalize.