Kabla hujampa mtu mistari yako, msikilize The D.O.C.

Ndugu yangu unayeandikia watu mistari, itafute albamu ya No One Can Do It Better ya mwaka 1989. Aliyechana humo ni The D.O.C., rapa kijana wa Dallas, Texas, na prodyuza ni Dr. Dre. Pumzi haikatiki, maneno yanapita kasi, na bado kila silabi unaishika. Kwangu mimi, pale Ruthless Records, lebo ya rapa Eazy-E, hakukuwa na mkali wa kuchana kumzidi, hata Ice Cube.

Novemba mwaka huohuo, akirudi nyumbani usiku, alisinzia kwenye usukani. Gari likaacha njia, akarushwa nje, zoloto likapondeka. Akabaki na sauti ya kukwaruza. Alikuwa na miaka 21, na sauti yake ile tunayo kwenye albamu moja tu ya kwake mwenyewe.

Kalamu ilibaki. Kabla ya ajali alikuwa akiwaandikia Eazy-E na kundi lake la N.W.A., na baada yake akashiriki kuandika The Chronic, albamu ya Dr. Dre ya 1992. Ukisikiliza kazi hizo unamsikia yeye, ila kwa midomo ya wengine. Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba haki zake za utunzi za mwanzo alimwachia Eazy-E kwa vito vya dhahabu.

Hapo ndipo panaponiuma. Mwaka 2011 nilikesha studio moja Temeke nikimwandikia mtu beti mbili na kiitikio. Nikapewa elfu thelathini na sahani ya chipsi mayai. Wimbo ukapigwa redioni mwaka mzima. Nilipokwenda kudai, nikaulizwa, "Dogo, karatasi yako iko wapi?" Sikuwa nayo.

Kwa hiyo, kabla mistari haijafika kwenye maiki, andikeni nani katunga nini na atapata asilimia ngapi, kisha wote mtie saini, prodyuza akiwemo. Lipige picha daftari lako siku hiyohiyo. Kazi ikikamilika, kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, jina lako likae kwenye nafasi ya mtunzi, maana haki ya aliyetunga si haki ya aliyeimba. Mtu akigoma kusaini, funga daftari uondoke. Najua si rahisi; elfu thelathini ile mimi nililipia kodi ya chumba.

Na mkimaliza kurekodi saa tisa usiku, usiguse usukani. Omba kochi la studio, ulale hapohapo mpaka kuche.