Mjomba ameutukana ukoo wa wifi yangu kundini: ninyamaze au niseme?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh wangu. Mimi ni mkazi wa hapahapa Bagamoyo, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp, tumo watu zaidi ya arobaini. Zamani lilikuwa la misiba, harusi na michango. Tangu joto la uchaguzi lipande limegeuka. Kutwa ni sauti na picha za kejeli: hawa "watu wa kuja" wanataka kututawala, wale warudi kwao, yule hata Kiswahili chake cha kuokoteza. Wiki mbili zilizopita mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyetusomesha baada ya baba kufariki, aliandika kwamba watu wa chama cha upande wa pili ni "vizazi vya watumwa". Wifi yangu, mke wa kaka, ni Mmanyema wa Kigoma, na yumo humo kundini. Hakujibu neno. Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikaweka kile kikaragosi cha kicheko. Mume wangu anasema ninyamaze, maana nikisema nitaonekana nakitetea chama cha wifi na nitaleta fitna. Kinachonichanganya ni kwamba mjomba huyohuyo, ambaye babu yake alitoka Hadhramaut, mwezi uliopita aliambiwa sokoni arudi kwao Uarabuni. Siku ile hakula. Je, kimya changu ni dhambi? Na mkubwa anakemewaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, barua yako niliisoma baada ya Isha, nikairudia asubuhi. Naanza na kile kikaragosi, maana hicho ndicho chako. Maneno ya mjomba ataulizwa mjomba.

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wao. Kisha, ingawa neno la kwanza lingetosha, anawataja wanawake peke yao: wala wanawake wasiwadharau wanawake wenzao. Halafu anakataza kuitana majina ya kukirihisha. Anayecheka kejeli ya mwenzake ameingia humo hata kama hakuitunga. Na kwa kuwa dhambi hii imegusa haki ya mja, kumwomba Mungu msamaha hakutoshi. Nenda kwa wifi yako kabla hujaenda kwa mjomba. Usibebe maelezo, usiseme "nilibonyeza kwa bahati mbaya" kama hukubonyeza kwa bahati mbaya. Sema nimekosa, unisamehe.

Sasa kimya. Hadithi unaijua, ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri: anayeona ovu alibadilishe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, asipoweza kwa moyo wake, na hiyo ndiyo imani dhaifu kabisa. Tatizo letu ni kwamba daraja hii ya tatu tumeifanya godoro, tunajilaza. Mtu anasikia tusi, anacheka, anamtumia rafiki yake alisikie, kisha anasema "mimi moyoni nachukia". Chuki ya moyo ina alama zake, na ya chini kabisa ni kutocheka. Ulimi unaruhusiwa kunyamaza pale mtu anapohofia madhara ya kweli: kupigwa, kufukuzwa na watoto nje, au kuchochea baya kubwa zaidi ya lililopo. Wewe mumeo hakukutisha, amekushauri. Mjomba anakupenda. Ulimi unao, na kwa hali uliyonieleza sikuoni una udhuru.

Mumeo ana hoja moja ya kuangaliwa, kwamba utaonekana umeingia chama fulani na umeleta fitna. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili lilitokea mbele ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, na limefanana na letu mpaka mtu anashangaa.

Anasimulia Jabir bin Abdillah, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Walikuwa safarini vitani. Mtu mmoja katika Muhajirina, yaani Waislamu waliohamia Madina kutoka Makka, akampiga kwenye makalio Answari, yaani mwenyeji wa Madina. Ugomvi wa vijana, wa kuisha kwa kikombe cha maji. Lakini Answari akapiga ukelele, "Enyi Answari!" Na yule mwingine naye, "Enyi Muhajirina!" Mtume (s.a.w.) aliposikia akauliza: wito gani huu wa kijahiliya, wa zama za ujinga kabla ya Uislamu? Alipoelezwa akasema: uacheni, kwani unanuka. Angalia majina yenyewe. Answari na Muhajirina ni majina ya heshima, Qur'ani imeyasifu. Hapakuwa na ubaya kuwa Answari, kama ambavyo leo sisemi kuna ubaya mtu kuwa na kadi ya chama chake, avae fulana yake na aende mkutanoni. Jina zuri lilinuka pale lilipogeuzwa mbiu ya kuwakusanya watu dhidi ya watu, bila kuuliza nani kampiga nani.

Na kisa hakikuishia hapo. Alikuwepo Abdallah bin Ubayy, mkubwa wa watu Madina, ambaye kabla ya Mtume kuhamia alikuwa karibu kuvishwa taji. Aliposikia ugomvi ule aliona mlango umefunguka. Akasema, nayo imehifadhiwa katika Surat al-Munafiqun, aya ya 8, kwamba tukirudi Madina, mwenye nguvu atamtoa aliye dhalili. Kwa lugha ya sokoni kwetu: hawa watu wa kuja tutawarudisha kwao. Na watu wa kuja wenyewe ni akina nani? Abubakar, Umar, Bilal na Mtume mwenyewe (s.a.w.), aliyezaliwa Makka. Kila ninaposikia neno hilo barazani, kati ya kahawa na kashata, mgongo unanisisimka. Sidhani wanaolitamka wanajua nani alitangulia kulitumia, na juu ya nani.

Aliyelisikia ni kijana, Zayd bin Arqam. Akamweleza ami yake, na habari ikafika kwa Mtume (s.a.w.). Ibn Ubayy na wenzake wakaapa kuwa hawakusema. Zayd akaonekana mwongo. Anasimulia mwenyewe kwamba alipatwa na huzuni ambayo hajawahi kupata mfano wake, akajifungia nyumbani, na ami yake akamlaumu: ulitaka nini mpaka Mtume akakukadhibisha na kukuchukia? Ni maneno ya mumeo hayo, binti yangu, na yalisemwa na mtu mwema anayemwonea huruma kijana wake. Kisha sura ikashuka, na Mtume (s.a.w.) akamwita akamwambia: Mwenyezi Mungu amekusadikisha, ewe Zayd. Basi nani alileta fitna pale, aliyelitamka neno au aliyekataa kulifunika?

Ibn Ubayy alikuwa na mtoto muumini, naye pia Abdallah. Katika riwaya ya Tirmidhi, mtoto huyu alimzuia baba yake asiingie mjini mpaka akiri kwamba yeye ndiye dhalili na Mtume ndiye mwenye nguvu. Nakutajia ili ujue kwamba kukemea ndani ya nyumba si ukosefu wa adabu. Lakini usiende ukamzuia mjomba mlangoni! Yule alikuwa kiongozi wa wanafiki. Mjomba wako ni Muislamu aliyeteleza, na Muislamu aliyeteleza ana kisa chake kingine.

Huyo ni Abu Dharr (r.a.). Aligombana na mtu akamtia aibu kwa mama yake. Mtume (s.a.w.) akamwambia: umemwaibisha kwa mama yake? Hakika wewe ni mtu ambaye ndani yako umo ujahiliya. Wengi wetu tunasimulia kwamba aliyetukanwa ni Bilal, na kwamba Abu Dharr aliweka shavu chini akanyagwe. Jina la Bilal limekuja katika riwaya nyingine, si katika hii ya Bukhari, na hilo la shavu sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake, haikuthibiti, kwa hiyo mimi silitumii. Lililothibiti lanitosha. Mwanafunzi mmoja alimkuta Abu Dharr miaka baadaye pale Rabadha, amevaa vazi zuri na mtumishi wake amevaa vazi kama lilelile. Akamuuliza kulikoni. Ndipo Abu Dharr akamsimulia aibu yake mwenyewe: nilimtukana mtu, nikaambiwa hivi. Swahaba mkubwa anamweleza mgeni kosa lake la zamani, na nguo zinamtolea ushahidi kwamba amelirekebisha. Mtume alisema ndani yako umo ujahiliya, hakusema wewe si wetu. Chukua kipimo hichohicho kwa mjomba.

Na hilo neno "vizazi vya watumwa" limenishangaza kutoka katika kinywa cha mtu wa Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye mji wote unamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, alitoka wapi? Alitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaletwa huku pwani mtoto, mtumwa katika nyumba ya Kiarabu. Akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Qadiriyya, akasomesha, na wajukuu wa waungwana leo wanajinasibisha na chuo chake. Alifariki mwaka 1931. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922, kwa hiyo mambo haya si ya kale hivyo, wako wazee wetu waliolelewa na waliomwona. Mjadala wa ziara na zikri za kumkumbuka siuingii leo, kila mtu na mwalimu wake. Nauliza tu: mjomba, ambaye nadhani na yeye ameshakaa kwenye zikri ile, alikuwa akimsomea Fatiha nani? Mmanyema. Ukoo wa wifi yako.

Tena njia ile ya misafara, iliyoishia hapa kwetu, ilileta minyororo na pembe. Walioletwa wamefungwa hawakuchagua kuja. Anayepaswa kuona haya kwa habari ya utumwa ni kizazi cha aliyefungwa au cha aliyefunga? Hata hilo silisemi ili sasa tuwageukie Waarabu. Mtu hachukui mzigo wa babu yake.

Ndiyo maana sikufurahi hata chembe kusikia ya mjomba sokoni. "Rudi kwenu Uarabuni" kwa mtu ambaye babu yake amezikwa hapa ni dhulma ileile kwa rangi nyingine. Hata Katiba yetu, Ibara ya 13, inapoeleza ubaguzi inataja kabila, rangi, dini, pahala mtu alipotokea na maoni yake ya kisiasa, bila kusema yupi anastahili kuonewa. Mtume (s.a.w.) alisema: msaidie ndugu yako akiwa mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa. Wakauliza, akidhulumiwa tutamsaidia, akidhulumu je? Akasema: umzuie na dhulma, huko ndiko kumsaidia. Mjomba wako amekuwa wote wawili ndani ya mwezi mmoja. Je, siku ile aliporudi bila kula, nani katika ukoo alikwenda sokoni kumwambia yule mchuuzi kwamba alichosema ni kibaya? Kama hakwenda mtu, msishangae jeraha lile limetoka usaha kundini. Na kama wifi yako au watu wa chama chake nao wana msamiati wao juu ya "Wamanga", yeye ndiye wa kuwakemea, wewe hawatakusikia. Kila mtu akemee kwao. Kulaani chuki ya ng'ambo hakumgharimu mtu kitu, ndiyo maana tuna mabingwa wengi wa kazi hiyo. Aya ya 8 ya Surat al-Maida inasema kuwachukia watu kusikufanyeni mkaacha uadilifu.

Umeniuliza namna. Sikutaki uandike hotuba kundini. Katika hadithi ya Ka'b bin Malik, siku za safari ya vita ya Tabuk, mtu alimsema Ka'b vibaya mbele ya hadhara naye hayupo. Muadh bin Jabal akajibu sentensi moja: ubaya ulioje wa ulichosema! Wallahi sisi hatujui kwake ila kheri. Akanyamaza, na Mtume (s.a.w.) akanyamaza. Basi. Andika hivyohivyo, kwa adabu ya kwenu: "Shikamoo mjomba. Neno lile si zuri, wifi yetu yumo humu, nasi hatukuona kwake ila kheri. Na mimi nilikosea kucheka." Liandike kundini, kwa sababu alitukanwa kundini na anasubiri kuona nani yuko naye. Wakikujibu kwa siasa, usijibu.

Mengine yote, ya Ramiya na ya Ibn Ubayy, mpelekee mjomba nyumbani, peke yenu. Nabii Ibrahim (a.s.) alipomkanya baba yake anayeabudu masanamu alimwita "ewe babangu" mara nne mfululizo katika Surat Maryam. Basi mjomba aliyekulipia ada anastahili ngapi? Nenda baada ya Alasiri, simu iache nyumbani. Anza na ya sokoni. Muulize ilikuwaje, mwache aseme mpaka amalize, hata kama itafika Magharibi. Usipolifikia la wifi siku hiyo, rudi siku nyingine. Akikasirika, futari na salamu ziendelee kama kawaida.

Mumeo mwonyeshe barua hii kabla hujaandika lolote, asije akashtukizwa mbele ya wakwe zake. Na wifi yako, akitaka kutoka kwenye kundi, mwacheni atoke. Msimrudishe kwa kumbembeleza ili tu nyinyi mjione mmepatana.

Wallahu aalam.