Breki zikikata, usiguse ufunguo

Mkuu, toa mkono kwenye ufunguo. Umeuliza mambo manne: pedali kuwa laini, mafuta ya breki aina gani, otomatiki inasimamishwaje, na kama breki zikikata mteremkoni uzime gari upesi. Hilo la mwisho ndilo limeninyima usingizi, maana mimi nililifanya.

Gari langu lilikuwa la manyuo, yaani la kubadili gia kwa mkono. Nateremka, nakanyaga breki, pedali inazama mpaka kwenye kapeti kama nimekanyaga sifongo. Kichwani inakuja sauti ya fundi mmoja, mjuaji kweli kweli: "Breki zikikugomea we zima, injini ikilala na gari linalala." Nikazima. Kwa kiwewe nikazungusha ufunguo mpaka mwisho, nikauchomoa kabisa, kama mtu aliyefika kwake. Kona ikaja, nakata usukani, kach! Umejifunga. Kuanzia hapo nikawa abiria niliyekalia kiti cha dereva. Tuta la mchanga ndilo lililonipokea: bampa, rejeta, na mfupa wa bega langu. Ufunguo nilikuwa bado nimeushika, hauna hata mkwaruzo.

Fundi nilipomfuata akasema, "Sikukwambia uchomoe." Asante sana! Hata usipochomoa, ukizima tu, usukani wa pawa unageuka mzito kama jiwe, na ile buster inayokusaidia kukanyaga breki inabakiwa na pumzi ya mara mbili tatu tu. Kama kulikuwa na kamabaki ka breki, umejinyang'anya mwenyewe.

Acha injini iungurume. Pampu pedali haraka haraka, presha inaweza kurudi. Shusha gia moja moja, otomatiki nayo zile gia ndogo, 2 na L kwenye mpini wa gia, si pambo, na usithubutu kuweka free (nyutro). Hendibreki ivute kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe. Ukihisi tairi za nyuma zinaserereka, legeza. Ya kwangu ilikuwa nzima kabisa, nimekuja kujua gari likiwa linavutwa kwenda gereji. Wala sikuigusa.

Mafuta ya breki soma kwenye kifuniko cha kikopo chake chini ya boneti, aina imeandikwa, DOT 3 au DOT 4. Swali la kwanza sijui lilikuwa nini tena... ah, pedali laini. Usiliendeshe hilo gari, limeshakwambia.

Ufunguo tunaugusa likishasimama. Mke wangu mpaka leo nikipaki ananiuliza kama nimepata kibali cha kuuchomoa.