Maswali na Majibu: Kadi ya Michoro Kwenye Kompyuta Nyembamba

SWALI: Ndugu wahariri, nina Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya ofisini. Nataka kuifunga kadi ya michoro ya GeForce GTX 1650 nihariri video. Niliyoipata ina tundu la umeme la pini sita, na fundi anasema ataniungia umeme kwa adapta ya SATA. Nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikubali. Plagi ya SATA imetengenezwa kwa ajili ya diski. Upande wa volti 12 ina pini tatu, kila moja ya ampea 1.5, jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Tundu la pini sita linaweza kudai wati 75. Pini zikizidiwa hupata moto na plastiki huyeyuka. Hatari ni kubwa zaidi pale video inapokamilishwa, maana ndipo kadi hufanya kazi kwa nguvu zote, tena kwa muda mrefu.

Tafuta GTX 1650 isiyo na tundu hilo. Zipo, na hutosheka na umeme wa sloti ya PCI Express x16, yaani ile ya ubao mama inapochomekwa kadi ya michoro, ambayo hutoa hadi wati 75. Pawa saplai yako ni ya wati 240, na prosesa kama Core i5-3470 imepimwa wati 77, kwa hiyo hesabu inakubali. Hakikisha ni kadi fupi kwa kimo (low profile) na imekuja na bamba lake fupi, kile kipande cha chuma cha kuifungia kwenye kesi, la sivyo haitaingia kwenye kesi. Unene nao upime: nyingi huchukua nafasi ya sloti mbili, na feni ikizibwa kadi itachemka. Huenda muuzaji akakupa GT 1030 kwa kuwa ni nyembamba na hula wati 30 tu. Kwa kazi yako hatuishauri kabisa; haina sehemu ya kusimba video (encoding), hivyo mzigo huo unabaki kwa prosesa.

Kabla ya kufunga, sasisha BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, wakati bado inaonyesha picha. Kisha izime, chomoa waya ukutani, na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisicho na rangi cha kesi ili kutoa umeme tuli mwilini. Shika kadi kwenye kingo, usiguse meno ya dhahabu. Isukume sawasawa ncha zote mbili hadi kilimi cha sloti kibane, ndipo ulifunge bamba. Bamba likivutwa kwa nguvu, ncha ya pili ya kadi huinuka, na skrini hubaki nyeusi.

Kebo ya monita ichomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Hapo ndipo wengi hukwama. Picha ikitokea, weka draiva kutoka tovuti ya NVIDIA yenyewe.

SWALI: Monita yangu ni ya VGA. Nimenunua adapta ya DVI kwenda VGA lakini haiingii kwenye kadi.
Msomaji, Kisumu

JIBU: Tazama tundu la kadi. Kama hakuna matundu manne madogo kuzunguka ule mwanya bapa, hilo ni DVI-D, halitoi mawimbi ya analogi ambayo VGA huyahitaji. Usivunje pini za adapta ili iingie, haitaonyesha chochote. Nunua ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ya kubadili mawimbi ndani yake.