Nakata miti kwenye nyumba za watu. Nikate na bima?

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa kukata miti, nakaa Goba. Sina kampuni. Nina chenso yangu, kamba, kirikuu ya kubebea matawi na vijana wawili ninaowaita kazi ikiwa kubwa. Juzi nilikwenda Mbezi Beach kupatana kazi ya kupunguza mwembe, mwenye nyumba akaniuliza kama nina bima, kama sina atatafuta mwingine. Nikamwonyesha bima ya gari kwenye simu, akacheka. Jamaa yangu aliyeko Uingereza anasema huko ni sheria, fundi wa miti hapandi bila bima. Na huku kwetu je? Au ni kuwapa watu hela ya bure? Maana sijawahi kuangusha tawi kwenye bati la mtu. – S.M., Goba, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Amecheka kwa sababu ulichomwonyesha ni bima ndogo ya kirikuu. Hiyo inalipa gari likimgonga mtu au kuharibu mali ya mtu barabarani. Ukiwa juu ya mwembe na chenso mkononi, kirikuu haihusiki, hata ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe huohuo.

Habari ya sheria niimalize haraka. Tanzania hakuna sheria inayomlazimisha fundi wa miti anayejitegemea kukata bima ya madhara kwa watu wengine, yaani ya kuwalipa anaowaumiza au kuwaharibia mali akiwa kazini. Sheria ya Fedha ya 2022 iliongeza bima za lazima, lakini ni kwa vitu kama masoko ya umma, majengo ya biashara na bidhaa zinazoingizwa kutoka nje. Nyie hammo. Jamaa yako naye amechanganya mambo: hata Uingereza, anayejiajiri halazimishwi kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine. Cha lazima kule, kwa sheria ya 1969, ni bima ya wafanyakazi kwa aliyeajiri. Ila wateja na halmashauri zao wengi hawakupi kazi bila karatasi ya bima ya madhara, ndiyo maana inaonekana kama sheria. Mbezi Beach nao wameanza.

Kwa hiyo ukate au usikate? Kwa kazi za mjini, kata. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkadiriaji wa hasara, naitwa baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo mti naujua ukiwa tayari umelala juu ya kitu cha mtu.

Chukua tawi nene la mwembe lililovuka ukuta wa jirani. Ukilikata kwa juu peke yake halingoji umalize. Linapasuka, linachuna gome kuelekea shinani na kuning'inia upande usioutaka. Wewe unajua, ndiyo maana unaanza na mkato wa chini. Lakini kamba hukuishika wewe, ameishika kijana chini, na simu yake imeita. Tawi linatua kwenye bati la msauzi, linabiringika hadi kwenye tenki la maji, likipita linaondoka na paneli ya sola. Ile kazi mlipatana laki tatu na nusu. Jirani hakukuajiri wala hakupatana nawe lolote, na sheria inampa miaka 3 ya kukufungulia kesi ya uzembe. Hapo ni bati. Sijasema mtoto aliyetoka kuchungulia kelele ya chenso.

Kwamba hujawahi kuangusha tawi, hongera, ni ufundi. Ila mahakamani hakuna atakayeuliza miti uliyoishusha salama.

Unachotafuta, hiyo bima ya madhara kwa watu wengine, kwa wenye bima kinaitwa bima ya dhima kwa umma. Ukifika kwa wakala au dalali wa bima, usianze na bei. Omba usomewe ukurasa wa mambo yasiyolipwa, maana fundi wa miti anaponea au kuzama kwenye ukurasa huo. Je, kuna kikomo cha urefu wa kupanda? Kazi karibu na nyaya za umeme imo au imetolewa? (Imo au haimo, TANESCO wazime kwanza. Hilo si la bima, ni la uhai wako.) Kosa la kijana wako linahesabika kama lako? Na kila ajali utajilipia kiasi gani mwenyewe kabla kampuni haijaweka chake?

Kisha kuna ujanja ambao nakuomba usiuguse: kujiandikisha kama mtunza bustani ili ada iwe ndogo. Nimekaa na watu wa hivyo. Karatasi inasema kufyeka majani na kumwagilia maua, mkadiriaji anakuta chenso na mvinje uliolala kwenye paa la mtu. Dai linakataliwa, na kampuni inakuwa na haki. Sema kazi yako yote, hata ada ikipanda. Hiyo ada iingize kwenye bei ya kazi kama unavyoingiza mafuta ya chenso.

Bima hii haikulipi wewe ukianguka. Hapo ni bima ya ajali binafsi, na kama una hela ya moja tu, ningekuuliza kwanza unakata wapi. Kama ni mashambani Kisarawe, mti unaanguka kwenye mihogo ya aliyekuita, anza na ya ajali, na ununue kamba mpya. Kama ni kati ya nyumba na nyumba, anza na ya dhima. Vijana wako nao wana mlango wao: ukiwa mwajiri unatakiwa kujisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hawa wa kuwaita kazi ikizidi nenda ukawaulize wenyewe WCF, usiambiwe na mafundi wenzako kijiweni.

Pesa usimwachie wakala mkononi bila risiti ya kampuni, na ukishalipa hakiki bima yako mtandaoni kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Ada isipolipwa, bima haijaanza, hata kama umeshapewa karatasi.

Siku ikitokea, piga picha kabla hujaondoa tawi, kisha ipigie kampuni siku hiyohiyo. Jirani mpe pole, tena ya dhati, kaa naye hata barazani. Lakini usimwambie "nitalipa" wala usimwandikie popote kwamba kosa ni lako, kwa sababu mikataba mingi inakataza kukubali dai bila kampuni kujua, na neno hilo moja wanaweza kulishikilia. Wakikuzungusha, waandikie malalamiko kwanza wao. Wasipokujibu vizuri, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na nakala za barua zako zote.