Spika za milioni nane, chumba cha mita nne

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Tabata, nyuma ya nyumba nimejitengea chumba cha kusikilizia muziki tu, mita nne kwa mita nne, ukuta tofali za bloku, chini malumalu, wife anakiita gereji ya wazimu. Nina milioni nane. Kuna spika ndefu zile za kusimama sakafuni nimezisikia dukani, besi mpaka kifua kinatetemeka. Amplifaya ninayo, ya wati 40. Napiga sana Sikinde na taarabu. Nichukue? – Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka usichukue, angalau sio leo. Pale dukani ulisikilizia kwenye ukumbi mkubwa umejaa makochi na maboksi, sasa ukizileta kwenye hicho chumba zitakuwa spika nyingine kabisa. Tatizo lako ni chumba, tena cha mraba, hapo ndo umejifunga mwenyewe. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwenye mita nne besi ya karibu Hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde) inagota ukuta hadi ukuta inarudi inajipandisha yenyewe, na kwa kuwa urefu na upana viko sawa inajipandisha mara mbili palepale. Gitaa la besi la Sikinde litakuwa noti moja inavuma tu, vuuum, halafu ukisogeza kiti katikati ya chumba hiyo besi inapotea kama haijawahi kuwepo. Spika ndefu inayoshuka chini sana ndo inachochea hiyo kitu.

Simama katikati piga kofi moja. Ukisikia kengele kengele, trrring, ujue hata ukiweka spika za milioni hamsini, kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, itakukwaruza masikio. Zulia zito mbele ya kiti, mapazia mazito, kabati la vitabu nyuma yako, anzia hapo.

Spika, mimi ningeenda ndogo za kwenye stendi. BBC miaka ya 70 walibuni LS3/5A, kiboksi kidogo cha kutumia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mle nafasi hakuna, na mpaka leo watu wanakitafuta kwa jinsi sauti ya mtu inavyotoka kama mtu. Kampuni ya KEF ndo walikuwa wanatengeneza spika za ndani yake, na 2012 wakatoa LS50 wakitimiza miaka 50, twita, yaani kile kispika cha sauti nyembamba, imekaa katikati ya spika ya besi. Ila amplifaya inaisukuma kwa shida, kwa wati moja inatoa sauti ya desibeli 85 tu. Ukipata ya desibeli 91 inahitaji robo tu ya wati za hiyo ya 85 kwa sauti ileile, kwa hiyo angalia hiyo namba kabla hujaangalia wati. Kwa chumba chako wati 40 zinatosha usidanganywe.

Kama unafikiria mtumba wa Kariakoo, toa kava la mbele, gusa pole pole ule ukingo laini wa duara unaoshika koni ya spika. Ukiwa wa raba sawa. Wa sponji kimbia, joto na unyevu wa hapa kwetu vinaumeng'enya, mimi za kwangu zilimwagika unga mapajani kama mandazi ya jana, na nilikuwa nimejisifu kwa majirani wiki nzima. (Halafu jamani tuandike hai-fai (hi-fi, vyombo vya muziki vya sauti safi) na kistari, juzi msomaji kaniuliza mbona kila spika nzuri naandika haifai.)

Zikifika zitoe ukutani kama sentimita 60, umbali kati yao uwe sawa na umbali wa kila moja mpaka kwenye kiti, twita usawa wa sikio. Nenda dukani na nyimbo zako mwenyewe, ukipigiwa zao kila spika ni tamu.

Na shemeji mwambie hela kubwa ya kuanzia ni ya mapazia na zulia, uone kama bado ataiita gereji.